Umebaki na rangi mbili za chumba na zinapingana kabisa? Hivi ndo unavyozipambanisha mpaka moja ishinde

Watu wengi hawakwami kwenye rangi ishirini, wanakwama kwenye mbili za mwisho. Umepitia kadi nzima ya rangi, umefuta hii umefuta ile, mwishowe mkononi umebaki na vikaratasi viwili ambavyo havina hata undugu, kimoja bluu nzito kama wino na kingine krimu ya mchanga, na kila ukilala unaamka umebadili mawazo. Afu humo ndani kila mtu ana yake. Hapo ndo mtu anachoka anasema basi fundi paka yoyote tu, na hiyo yoyote ndo anaishi nayo miaka.

Mi yalinikuta. Nilichagua bluu kwa kuangalia kikaratasi kisichozidi kidole gumba, nimesimama nje juani, nikaona bluu tamu kweli. Fundi akapiga mikono miwili ya rangi, mchana chumba kikawa poa tu, ila ilipofika saa 2 usiku nikawasha taa nikajikuta nimekaa ndani ya sanduku jeusi, yaani bluu yenyewe huioni. Kuja kuifunika kwa rangi nyeupe ilikula mikono minne na bado pale karibu na dari ilikuwa inachungulia.

Sasa kabla hatujaanza shika kitu kimoja. Rangi mbili zinazopingana ukizipaka zimegusana ukutani eti uzilinganishe, umeshajidanganya, maana kila moja inamharibu mwenzake. Na hivyo ndo karibu kila mtu anafanya, anapiga kiraka hapa na kiraka kingine pembeni yake, afu anasimama katikati anakuna kichwa. Kila rangi inatakiwa ipewe zamu yake peke yake, kwenye chumba hicho hicho, kwenye mwanga ule ule. Hilo ndo nitakalolirudia mpaka unichoke.

Jua kwanza unajiuliza swali gani

Wanaokwama na rangi mbili wapo wa aina mbili. Kuna anayetaka moja tu ibaki, ama bluu ama krimu. Na kuna anayetaka zote zikae chumba kimoja, krimu kuta tatu na bluu ukuta mmoja, au bluu chini krimu juu. Hawa wanafanya mtihani tofauti kabisa ila wote utawakuta wanapaka viraka viwili pembeni kwa pembeni.

Kama wewe ni wa kwanza, hizo rangi hazitakaa zikutane kwenye maisha yao, sasa unazikutanisha kwenye majaribio za nini? Kama ni wa pili, hapo sawa, lazima zikutane, tena kwa uwiano ule ule zitakaokuwa nao ukutani. Viraka viwili vinavyolingana ukubwa havikuambii chochote kuhusu chumba ambacho bluu itakuwa robo na krimu robo tatu.

Hii ya rangi kuharibiana haijaanza leo. Kuna mkemia wa Ufaransa anaitwa Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa idara ya kutia rangi nyuzi pale Gobelins, Paris, kwenye karakana ya mapazia makubwa ya kufumwa ya kutundika ukutani. Watu wakawa wanalalamika nyuzi nyeusi hazina nguvu, zimefifia. Jamaa akachunguza akakuta nyeusi haina kosa lolote, tatizo lilikuwa zile rangi zilizofumwa pembeni yake. Mwaka 1839 akayachapisha aliyoyagundua na mpaka leo ndo hivyo hivyo, jicho haliisomi rangi peke yake, linaisoma pamoja na majirani zake. Krimu ukiiweka ubavuni mwa bluu nzito inaonekana ya njano zaidi na nyeupe zaidi kuliko ilivyo. Bluu nayo pembeni ya krimu inazama, inakuwa nzito kuliko ilivyo. Unaweza ukaikataa krimu kwa unjano ambao hauna, na hutakaa ujue.

Hatua ya 1: Kisome chumba kabla ya rangi

Chukua siku moja ukae humo ndani bila kufikiria rangi, uangalie tu mwanga unaingiaje. Dirisha la mashariki linakupa jua la moto asubuhi afu mchana chumba kinapoa, la magharibi linafanya kinyume chake, jioni kila kitu kinakuwa cha dhahabu mpaka krimu inageuka njano ya kukera. Kwa wanaoishi kaskazini ya mbali, dirisha linaloangalia kaskazini halipati jua la moja kwa moja, mwanga wake ni wa ubaridi wenye ubluu kidogo muda mrefu wa siku. Kusini ya mbali geuza, hapo ni dirisha la kusini. Karibu na ikweta jua linahama upande kutegemea miezi kwa hiyo chumba hicho hicho kina tabia mbili kwa mwaka.

Afu angalia nje kuna nini. Hiki watu wanakisahau sana. Mti mkubwa mbele ya dirisha unarusha ukijani ndani, ukuta wa jirani wa matofali mekundu unarusha wekundu, na sakafu nayo inarusha yake, sakafu ya rangi ya damu ya mzee inapandisha wekundu mpaka magotini mwa ukuta. Rangi nyepesi kama krimu inapokea hayo yote, bluu nzito inayameza. Ndo maana nasema krimu ni ngumu kuichagua kuliko bluu, ingawa kila mtu anaiona ndo salama.

Halafu jiulize unakaa humo saa ngapi. Chumba cha kulala cha mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku, mwanga wa saa 7 mchana una kazi gani? Chumba anachofanyia mtu kazi mchana kutwa, taa zina kazi gani? Saa unazokaa ndo zinazopiga kura, nyingine ni wageni.

Taa sasa. Hapa ndo nilipopigwa. Balbu za LED kwenye boksi zimeandikwa kelvini, 2700 mpaka 3000 ni mwanga wa unjano ule wa kutuliza, 4000 upo katikati, 6500 ni mweupe wenye ubluu. Mwanga wa unjano una bluu kidogo sana ndani yake, na ukuta wa bluu hauwezi kukurudishia bluu ambayo taa haijautupia, kwa hiyo unakuwa mweusi au kijivu cha ajabu. Ile bluu yangu haikuwa mbaya, niliiweka chini ya balbu mbili za 2700. Kuna namba nyingine pia, inaandikwa CRI au Ra, inaishia 100, inasema taa inazionyesha rangi kwa uaminifu kiasi gani. Balbu nyingi ni 80, ukipata 90 na kuendelea ni bora zaidi. Kwa hiyo funga kwanza balbu utakazoishi nazo, ndo ujaribu rangi. Ukibadili balbu baada ya kuchagua, umebadili rangi pia.

Hatua ya 2: Kadi ya rangi inasema zaidi ya unavyodhani

Jina la rangi lisahau, andika kodi yake, yaani namba yake ya kwenye kadi. Majina ni ya kuuzia, na jina moja kampuni mbili zinaweza kuwa na rangi mbili tofauti.

Kwenye kadi nyingi, nyuma au chini, kuna namba ya LRV. Ni kiwango cha mwanga ambao rangi inaurudisha, 0 ni nyeusi kabisa isiyorudisha kitu, 100 ni nyeupe kamili. Tuseme bluu yako ni 6 na krimu ni 70. Hapo tayari umeelewa kuwa ugomvi wako mkubwa hata sio bluu na njano, ni giza na mwanga. Chumba cha 6 kitakudai taa za ziada, chumba cha 70 kitautawanya hata mwanga mdogo wa dirisha moja. Lakini kuna watu wanashindanisha kijani na udongo wa mfinyanzi ambazo zote zina LRV ya 30 na kitu, hao ugomvi wao ni rangi yenyewe, uzito ni ule ule. Njia ya haraka ya kujua: piga picha vikaratasi vyote viwili kwa simu afu igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Vikifanana kijivu, uzito wao mmoja.

Cha pili ni rangi iliyojificha chini ya rangi. Krimu hazifanani, kuna yenye njano chini, yenye upinki, yenye ukijani. Weka kikaratasi juu ya karatasi nyeupe ya printa, utaona chenyewe kinajitaja. Kama bado, angalia rangi nzito kabisa kwenye mstari ule ule wa kadi, mara nyingi imetengenezwa kutoka ukoo mmoja na hiyo ya chini kabisa inakuonyesha kilichofichwa kwenye ile nyepesi. Na zile rangi za jirani kwenye kadi zifunike, toboa tundu kwenye karatasi nyeupe, chungulia rangi moja tu. Chevreul tena huyo.

Hatua ya 3: Tengeneza mbao, ukuta uache

Usipake ukutani. Sababu ya kwanza, ukuta una rangi yake ya zamani inayozunguka kiraka chako pande zote nne na inakiharibu. Sababu ya pili, kiraka hakitembei, kipo pale pale ulipokipaka, wakati chumba kina kona za giza na sehemu za mwanga. Sababu ya tatu fundi yeyote atakuambia, viraka vinaacha kingo, na kingo zinakuja kuonekana chini ya rangi mpya ukuta ukipigwa taa ya pembeni, kwa hiyo inabidi upige msasa kazi ambayo haikuwepo.

Chukua hadibodi au plaiwudi nyembamba au hata boksi gumu lililonyooka, vipande vya sentimita 60 kwa 60. Chini ya karatasi ya A3 usishuke, rangi kwenye eneo dogo haina nguvu, ile ile ukiitandaza inapiga kelele. Kila rangi itengenezee vipande viwili, utaona kwa nini. Kwa hiyo jumla vinne.

Piga kwanza anderkoti nyeupe, ile rangi ya chini ya kutangulizia. Ikikauka pita na rangi yenyewe kwa rola, sio brashi, kama ukuta wako utapigwa rola, maana michirizi ya brashi inabadili mwanga unavyoruka. Mkono wa kwanza utaonekana mbaya, una mawingu mawingu, usiuangalie. Rangi ya maji ukiacha masaa 2 mpaka 4 unapiga mkono wa pili, ila soma maelekezo ya kopo lako. Acha kingo nyeupe kama sentimita 3 kuzunguka ubao, iwe kama fremu, inaitenga rangi na ukuta wa zamani.

Afu subiri mpaka kesho. Kwa kweli subiri. Rangi ya maji ikiwa mbichi inaonekana nyepesi, ina umaziwa fulani, kwa sababu gundi yake ikiwa bado na maji ni nyeupe na ikikauka inakuwa haina rangi, hapo ndo rangi halisi inatoka. Ule ubao wangu wa bluu nilivyoupiga ulikuwa kama sare ya shule iliyofuliwa sana, nikarudi baada ya muda kingo zimeshazama zimekuwa wino na katikati bado sare, nikaelewa kwa nini watu wanapigiana simu na mafundi kwa hasira saa moja baada ya kupaka. Masaa 24 ndo uanze kuhukumu.

Kitu kingine, kopo la sampo, lile dogo la kujaribia, mara nyingi ni mat, yaani rangi isiyong'aa. Kama ukuta wako utakuwa silki au glosi, sampo ya mat inakudanganya. Yenye kung'aa inaonekana nzito zaidi ukiiangalia moja kwa moja na nyeupe pale taa inapopiga, na kila shimo la puti linaonekana. Ikiwezekana jaribu kwa mng'ao ule ule utakaonunua.

Hatua ya 4: Zamu kwa zamu

Hii ndo hatua yenyewe, usiiharakishe. Siku ya kwanza ingiza mbao za krimu tu. Za bluu zikae chumba kingine, zimegeuzwa uso ukutani, usizipitie pitie hata ukienda chooni.

Simamisha ubao, usiulaze sakafuni wala kitandani, kwa sababu kitu kilicholala kinapokea mwanga wa juu na ukuta haupokei hivyo. Weka ubao mmoja ukuta unaotazamana na dirisha, hapo rangi inakuwa kwenye ubora wake. Kisha uhamishie ukuta wa dirisha lenyewe, hapo ndo kwenye giza kuliko kote na watu wanashangaa kwa nini rangi ile ile ni chafu upande huo. Kisha chukua mbao zako mbili uzikutanishe konani, uso kwa uso, kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Angalia pale kwenye mshono. Rangi inajirushia yenyewe, ukuta mmoja unautia rangi mwingine, krimu yenye unjano kidogo pale konani inakuwa njano kweli kweli. Chumba kizima kikipakwa kinafanya hivyo hivyo kwa kuta nne, ndo maana chumba siku zote kinatoka kikali kuliko kikaratasi.

Rudia mara nne kwa siku: saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, saa 12 jioni kabla ya kuwasha taa, na saa 3 usiku taa zote zimewaka. Kila mara andika maneno matatu tu. Usiandike nzuri au mbaya, andika unachoona. Kwenye daftari langu la raundi ya pili, baada ya lile sanduku jeusi, kuna mstari unasema "krimu, asubuhi, ukuta wa dirisha: kijani? imechoka, baridi", na usiku "krimu, taa: joto, laini, ngozi". Ule ukijani ulikuwa ni mti wa nje. Nisingeandika ningesahau, maana kufika usiku nilishaipenda tayari.

Kabla hujaangalia ubao, jicho lipe kama dakika moja kwenye kitu cheupe au kijivu. Jicho lililotoka kutazama kitu chekundu muda mrefu linabaki na kivuli cha kijani, na utaihukumu krimu kwa kosa la hicho kitu chekundu. Afu tazama kwa umbali mbili, kwanza kutoka mlangoni, kisha sogea mpaka nusu mita ubao ukujaze macho, hapo ndo unaonja kuzungukwa.

Siku ya pili krimu zitoke, bluu ziingie. Saa zile zile, sehemu zile zile. Kama siku ya kwanza ilikuwa jua kali na ya pili ni mawingu, hiyo siku usiihesabu, mechi imechezwa viwanja tofauti.

Jioni pale kwenye giza giza utaona kitu cha kufurahisha. Mwanga ukipungua sana jicho linahamia kwenye mfumo wake wa usiku, nyekundu ndo inazimika mapema, bluu na kijani zinabaki zinaonekana. Mtafiti wa Kicheki Jan Purkyně ndo aliyelieleza hilo karne ya 19. Kwa hiyo bluu ambayo mchana ilikuwa imelala, saa 12 na nusu jioni inaamka, wakati mtu aliyeweka damu ya mzee muda huo ana ukuta mweusi. Kisha unawasha balbu ya unjano na mambo yanageuka tena. Kama ni mtu wa kukaa jioni bila taa, hicho ni kigezo kabisa.

Weka na vitu vitakavyobaki. Pazia, kochi, kipande cha zulia, vishikize kwenye ubao. Fremu ya mlango ndo ya muhimu zaidi na hakuna anayeifikiria: rangi nzito ikikutana na fremu nyeupe au dari nyeupe inachora mstari mkali, na dari nyingi hazijanyooka, kwa hiyo bluu itautangaza upinde ambao krimu ingeuficha kimya kimya. Pima kwa macho mstari wa dari yako kabla hujaipenda bluu.

Na picha za simu achana nazo tafadhali. Simu inarekebisha weupe yenyewe, ikiona bluu nyingi inaongeza unjano, ikiona krimu inaipoza, kwa hiyo ukimtumia dada yako picha mbili akuchagulie unampa rangi mbili ambazo hazipo. Lazima? Basi weka karatasi nyeupe ile ile kwenye kila picha, angalau aone simu imedanganya kiasi gani.

Hatua ya 5: Kama unazitaka zote mbili

Sasa ndo zikutane. Watu wa mapambo wana kanuni ya asilimia 60, 30 na 10, yaani rangi moja itawale, ya pili isindikize, ya tatu iwe ya vidokezo. Sio sheria, ila inakuepusha na nusu kwa nusu ambayo macho hayajui yakae wapi.

Badala ya kuwaza kichwani tengeneza chumba cha boksi. Mita moja iwe sentimita 10, chumba cha mita 4 kwa 3 kinakuwa boksi la 40 kwa 30, kata dirisha upande wake sahihi, paka ndani kwa rangi zilizobaki kwenye makopo ya sampo, afu liweke karibu na dirisha halisi limeelekea vile vile. Ukichungulia kwa tundu la mlango utashangaa lilivyo na ukweli. Watoto watalichukua, ndo basi tena.

Bluu iende ukuta gani? Kama chumba ni kirefu chembamba, ukuta mfupi wa mwisho, unausogeza karibu kwa macho. Kama ni chumba cha kawaida, ule unaokupokea ukifungua mlango, au ule wa kichwani mwa kitanda ambao ukilala huuoni kwa hiyo haukuchoshi. Ukuta wa dirisha usiupe, dirisha linawaka na ukuta unaolizunguka ni giza, jicho linabanwa katikati mchana kutwa.

Mahali zinapokutania pawe konani kwa ndani, au kwenye mstari uliopimwa kwa pima maji. Na ujanja wa mstari uliokatika safi ni huu: krimu ikishakauka vizuri, bandika tepu ya karatasi juu yake pale bluu itakapoishia, ukandamize ukingo kwa kucha, kisha pitisha krimu kidogo tena juu ya ukingo wa tepu. Hiyo krimu ndo inayovuja chini na kuziba, ikikauka unapiga bluu na bluu haina pa kupenya. Vua tepu bluu ikiwa bado haijakauka kabisa, uivute taratibu kwa kuilaza nyuma. Nimeona mstari wa hivyo ukitoka kama umekatwa na wembe kwenye ukuta ambao wenyewe una makovu.

Hatua ya 6: Hesabu na matunzo

Chumba hicho cha mita 4 kwa 3, kuta za mita 2.7. Mzunguko ni mita 14, mara 2.7 unapata 37.8. Toa mlango na dirisha, tuseme mita za mraba 3.6 jumla, inabaki 34.2. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inakwenda kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Krimu mikono miwili ni karibu lita 7. Bluu nzito mara nyingi inadai mitatu, hapo ni lita 10 na kidogo, tofauti hiyo kwenye kikaratasi haionekani. Kuipunguza, fundi apige anderkoti ya kijivu badala ya nyeupe. Na siku ukiichoka bluu, kurudi kwenye nyepesi ni kazi niliyokwambia.

Bluu ya mat inaonyesha vumbi, chaki, na kila begi lililoburuzwa linaacha alama ya kung'aa. Krimu inaonyesha vidole kuzunguka swichi. Chagua uchafu utakaoweza kuuvumilia, au panda mng'ao hatua moja ili paoshwe.

Nyumba ikiwa ya zamani sana rangi za chini zinaweza kuwa na madini ya risasi, yale yenye sumu, usizipige msasa mkavu, zipimwe kwanza.

Hatua ya 7: Amua

Fungua daftari. Zungushia duara maneno ya zile saa unazokaa chumbani, mengine yakate. Mara nyingi hapo jibu limeshatoka, na mara nyingi linakera kwa sababu ni ile ambayo hukuwa unaishabikia. Kwangu chumba cha kulala kilichukuliwa na krimu kwa sababu mi ni mtu wa usiku na taa zangu ni za unjano, na bluu nikaipeleka kwenye korido nikafunga balbu za 4000, inapendeza mpaka watu wanaigusa.

Kama zimefungana kabisa, omba anayechanganya rangi akutengenezee ile nzito kwa nusu ya nguvu, kodi ile ile ila rangi ya kuchanganyia iwe nusu, uitengenezee ubao na uipe zamu yake. Inaweza isiwe nusu ya kile unachokiona kichwani, ndo maana ya ubao. Na kama ugomvi ni wa watu wawili na sio rangi mbili, kila mmoja aandike daftari lake bila kuonyeshana, afu mkae.

Ukinunua, nunua yote mara moja na uangalie namba ya bechi, ile ya makopo yaliyotengenezwa pamoja, iwe moja kwenye yote. Zikitofautiana, zimiminwe zote kwenye ndoo kubwa zikorogwe pamoja kabla ya kuanza, usisubiri kopo la pili liishie katikati ya ukuta. Ubao ulioshinda usiutupe, nyuma yake andika kodi, aina ya mng'ao, bechi, tarehe na idadi ya mikono, uusukumie nyuma ya kabati. Ukuta ukija kuchubuka unatoka nao kwenda dukani, na kwanza unaushikiza pale palipochubuka uone ukuta umeshapauka kiasi gani.